Kabla ya Kutua Mweiga

Safari ya kuvua samaki kwa ndege ndogo hupangwa kwa orodha. Ndege. Kiwanja cha kutua. Mto. Leseni. Chambo. Mzigo usizidi uzito. Nimekuwa nikiijaza orodha hii kwa miezi miwili, mimi na marafiki wawili, sote watu wa mshahara hapa Nairobi tuliojiwekea pesa kidogo kidogo. Na kila ninapoandika jibu mbele ya swali, nakuta kuna mtu aliyeliandika kabla yangu, miaka 70, 90, hata zaidi ya 100 iliyopita. Hakuniandikia mimi. Alijiandikia yeye na wenzake.

Tuelewane kwanza kuhusu uvuvi wenyewe, kwa sababu huu si ule wa Dunga wala wa Lamu. Hakuna wavu, hakuna mtumbwi. Unasimama ndani ya mto baridi, maji yamefika magotini, mkononi una fimbo nyepesi na mshipi unaourusha nyuma na mbele hewani. Mwisho wa mshipi kuna ndoano ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu. Huyo ndiye nzi wa bandia. Samaki unayemtafuta ni trauti, anayependa maji ya mlimani, safi na ya kasi. Akidanganyika, anauma. Wengi wanaovua hivi humtoa ndoano wakamrudisha mtoni. Nilipomweleza cucu yangu jambo hilo, alinyamaza kwanza, halafu akaniuliza kama kazi zimetuishia huko Nairobi.

Mpango wetu ni huu: kuondoka Wilson asubuhi, kutua Mweiga chini ya milima ya Nyandarua, halafu kuingia mbugani kwa gari kutafuta maji ya juu ya mto Gura na vijito vyake. Kwa barabara, Nyeri ni mwendo wa karibu saa tatu kama Thika Road imekuwa na huruma. Kwa ndege ndogo haifiki saa moja. Sitasema uongo kwamba tunahitaji ndege. Tunaitaka. Tumekua tukiziona Cessna zikipita juu ya Lang'ata na South C zikielekea mahali ambapo sisi hatuendi, na tunataka mara moja tuwe ndani.

Basi, jibu la kwanza: ndege. Uwanja wa Wilson ulipewa jina la Florence Kerr Wilson, mjane mwenye mali aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929, rubani wake wa kwanza akiwa Tom Campbell Black. Walianza na ndege moja ndogo ya Gipsy Moth. Klabu ya marubani, Aero Club of East Africa, ilikuwa imekwisha kuundwa mwaka 1927. Wateja walikuwa walowezi, wawindaji, maafisa wa serikali, barua na wagonjwa waliokuwa na uwezo. Beryl Markham, aliyekulia Njoro, alijifunza kurusha ndege kwa huyo huyo Campbell Black, na kwa muda alipata riziki kwa kuwatafutia wawindaji matajiri makundi ya ndovu kutoka angani. Denys Finch Hatton alikufa Mei 1931 ndege yake ilipoanguka Voi. Hawa ndio watu ambao vitabu na filamu vimewageuza kuwa Kenya yenyewe.

Kinachosahaulika ni kiwanja. Ndege ya wakati ule haikuhitaji lami, ilihitaji nyasi fupi, ardhi sawa na upepo wa kueleweka. Mlowezi mwenye shamba kubwa aliweza kuwa na kiwanja chake nyuma ya nyumba. Lakini mtu lazima akate zile nyasi. Mtu lazima avunje vichuguu, ang'oe visiki, asogeze mawe na kuyapaka chokaa ili rubani ayaone. Mtu huyo alikuwa na kipande shingoni, kile cheti cha kazi ndani ya kibweta cha bati ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukibeba kuanzia mwaka 1920. Alifanya kazi kwenye ardhi iliyoitwa Nyanda za Juu za Wazungu, ambako hakuruhusiwa kumiliki hata kipande cha ukubwa wa kiwanja alichokisawazisha. Rubani tunamjua jina. Aliyekata nyasi hatumjui.

Jibu la pili: mto na samaki. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu nilidhani samaki ndiye sehemu isiyo na siasa. Kumbe trauti naye ni mgeni. Mito ya Nyandarua haikuwa na trauti hata mmoja. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki hao wakatiwa katika mto Gura. Fikiria safari hiyo. Mayai ya samaki, ambayo hufa yakipata joto, yanasafirishwa kutoka ziwa la Uskoti hadi Mombasa, halafu yanapandishwa bara. Reli ilikuwa imefika ziwa Victoria mwaka 1901, lakini Nyeri haikuwa na reli. Kwa hiyo mwisho wa safari ile ulikuwa wa miguu, na miguu hiyo haikuwa ya Grogan peke yake.

Grogan ni yule yule anayesifiwa kwa kuvuka Afrika kutoka Cape mpaka Cairo. Ni yule yule ambaye Machi 1907, miaka miwili baada ya kuwapa samaki wake makao mapya, aliwachapa viboko hadharani wanaume watatu Wakikuyu mbele ya mahakama ya Nairobi, akidai waliwakosea heshima wanawake wa kizungu waliokuwa wakiwavuta kwenye riksho. Hakimu alikuwepo akijaribu kumzuia. Grogan alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Nimeziweka tarehe hizi mbili pamoja kwenye daftari langu, 1905 na 1907, na sijaweza kuzitenganisha tena. Samaki alibebwa kwa uangalifu asipate joto. Mtu alichapwa mchana kweupe.

Sababu ya kuleta trauti haikuwa njaa. Wagikuyu wa zamani hawakuwa walaji wa samaki. Cucu yangu, mzaliwa wa upande wa Othaya, mpaka leo ukimwekea samaki mezani anamwita nyoka wa maji na kusogeza sahani. Trauti aliletwa ili mlima ufanane na nyumbani kwa mlowezi. Hata jina lilifuata njia hiyo. Wenyeji waliita milima ile Nyandarua, kwa kuwa ukiitazama kwa mbali mgongo wake unafanana na ngozi iliyoanikwa ikauke. Joseph Thomson alipopita katika miaka ya 1880 akaipa jina la Lord Aberdare, rais wa Royal Geographical Society ya London. Ngozi ikawa bwana mkubwa. Mto ukawa wa Uskoti. Baadaye wakaletwa pia trauti wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni magharibi ya Amerika Kaskazini, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilikuwa na kituo cha kuzalisha trauti pale Kiganjo.

Karibu na Kiganjo kuna nyumba ambayo inaunganisha samaki, kiwanja cha ndege na dola katika siku moja. Koloni la Kenya lilimpa Binti Mfalme Elizabeth nyumba ya Sagana kama zawadi ya harusi, kando ya mto wenye trauti. Februari 1952 yeye na mumewe walikuwa huko mapumzikoni. Usiku wa tarehe 5 walilala Treetops, juu ya mti, wakitazama wanyama. Usiku huo baba yake alikufa Sandringham, Uingereza. Habari zilimfikia Sagana tarehe 6, na siku hiyo hiyo akapelekwa kiwanja cha Nanyuki, akapanda Dakota hadi Entebbe, na kutoka huko akaenda kwao akiwa malkia. Hadithi hii umeisikia. Lakini hesabu miezi. Kutoka Februari hadi tarehe 20 Oktoba 1952, siku hali ya hatari ilipotangazwa, ni miezi minane tu. Watu walioapa msituni walikuwa wakiishi kando ya mito hiyo hiyo wakati malkia mtarajiwa akipumzika.

Hivyo tunafika kwenye jibu la tatu, lile lililonifanya nisimamishe mipango kwa wiki nzima: kiwanja cha Mweiga.

Ukiangalia kwa jicho la rubani, Mweiga ni chaguo zuri. Kiko karibu na lango la mbuga. Kiko juu, zaidi ya mita 1,800, kwa hiyo hewa ni nyepesi na jua likipanda injini inapungukiwa nguvu. Ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Ndiyo maana unaondoka mapema na unapima kila begi. Kuelekea mchana mawingu hukusanyika mlimani, na Nyandarua haina mzaha na mtu aliyechelewa. Juni 2018 ndege ndogo iliyotoka Kitale kuja Nairobi iliangukia huko na watu wote 10 waliokuwamo wakafa. Haya yote niliyaandika kwenye safu ya usalama.

Halafu nikasoma kwamba kiwanja hicho kilikuwa kambi ya ndege za vita. Mwaka 1953 jeshi la anga la Uingereza lilileta ndege za Harvard, ndege za mafunzo kwa asili, zikafungwa mabomu madogo ya takriban kilo 9 na kuwekwa Mweiga ili zishambulie msitu uliokuwa dakika chache tu kutoka hapo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka huo, ndege kubwa za Lincoln zikaongezwa, zikiruka kutoka Eastleigh. Ndiyo, Eastleigh ile ile, upande wa kambi ya jeshi la anga, si mbali na unakonunua viatu na mapazia. Lincoln zilibeba mabomu ya kilo 225 na 450. Mpaka mwaka 1955 mabomu yaliangushwa Nyandarua na Mlima Kenya, kwenye mianzi, kwenye ukungu, juu ya watu na ndovu na nyati bila kuchagua.

Mbuga ilikuwa imetangazwa mwaka 1950. Mwaka 1953 msitu ule ule ukawa eneo la marufuku. Ukionekana ndani unaweza kupigwa risasi bila kuulizwa unatafuta nini. Ndege ndogo za kikosi cha akiba cha polisi, nyingi zikirushwa na walowezi waliojifunza urubani kwa starehe, sasa zilitafuta moshi wa mekoni badala ya ndovu. Ujuzi ni ule ule alioutumia Beryl Markham. Nyingine zilifungwa vipaza sauti, zikapita juu ya msitu zikiwaita wapiganaji kwa Kikuyu wajisalimishe.

Cucu anaikumbuka sauti hiyo. Alikuwa msichana wa miaka kama 11, ndani ya kijiji cha lazima. Zaidi ya watu milioni 1 walihamishwa kutoka kwenye nyumba zao na kusukumwa ndani ya vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa miiba na mahandaki. Anasema ndege ilikuwa ikiongea kama mtu anayekujua. Ilikuwa na lafudhi ya nyumbani, na hicho ndicho kilichomtisha kuliko mabomu. Mama yake aliondoka kila asubuhi na wanawake wengine kwenda kuchimba handaki kandokando ya msitu, wakiwa chini ya bunduki. Upande wa Mlima Kenya peke yake, handaki la namna hiyo lilifika takriban maili 50. Kazi yake ilikuwa kuwatenganisha waliokuwa msituni na chakula cha dada zao.

Ndani ya msitu, wapiganaji walitembea majini ili kuficha nyayo. Dedan Kimathi alikamatwa ukingoni mwa msitu, upande wa Nyeri, tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mito waliyoitumia kujificha ni hii ambayo mimi naitafuta kwenye ramani nikijiuliza kina chake kinafaa kusimama.

Rafiki yangu mmoja, nilipomtumia haya yote saa tano usiku, alijibu: "Bro, si tuende tu likizo?" Yule mwingine akasema tuachane na ndege kabisa, twende na matatu kama watu. Nimewaelewa wote wawili. Lakini hakuna anayesema tusiende Treetops kwa sababu ya malkia, wala tusipite Kimathi Street kwa sababu ya kamba. Tukikataa kwenda, mlima unabaki mikononi mwa wale walioukuta tayari umesafishwa, na hadithi yake inaendelea kuwa ile ya filamu. Swali langu si kama twende. Swali ni kama tunaweza kwenda na orodha ambayo haijafutwa majina.

Kwa sababu mambo hayakukoma 1963. Mbuga ilibaki, leseni ya kuvua trauti ilibaki, na ada ya kuingia ilibaki ni pesa ambayo mtoto wa pale Othaya huifikiria mara mbili. Leo kuna uzio wa umeme wa karibu kilomita 400 kuzunguka msitu, uliokamilika mwaka 2009. Sitaulinganisha na lile handaki. Wakulima wenyewe waliutaka, maana ndovu walikuwa wakimaliza mahindi na viazi usiku mmoja, na msitu nao umepona. Hata hivyo, mtu wa umri wa cucu ameishi kuona mstari ukichorwa mara mbili kati yake na mto ule ule, na ni haki yake kuutazama wa pili kwa jicho la wa kwanza.

Hilo linanileta kwenye jibu la nne, dogo kuliko yote, linaloenea kwenye ncha ya kidole: nzi wa bandia.

Sehemu kubwa ya nzi wanaotumiwa na wavuvi wa Ulaya na Marekani hufungwa kwa mkono katika nchi chache, na Kenya ni mojawapo. Shangazi yangu amefanya kazi hiyo hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka 15. Anabana ndoano kwenye kishikizo kidogo cha chuma, anazungusha uzi, anaweka unyoya, anafunga fundo, anakata, anachukua nyingine. Analipwa kwa idadi. Anawajua kwa majina yao, Adams, Royal Coachman, Elk Hair Caddis, kama vile kondakta anavyojua steji. Hajawahi kumwona trauti akiwa hai.

Nzi wake husafiri kuliko sisi sote. Wavuvi wa Idaho, Marekani, ndio wameufanya uvuvi wa ndege ndogo kuwa kama dini. Wanatua kwenye viwanja vya nyasi kama Johnson Creek, ndani ya mabonde, hema zinapigwa chini ya bawa, asubuhi wanaingia mtoni. Sheria ya Marekani ya mwaka 1964 ya kulinda nyika ilipiga marufuku injini ndani ya maeneo hayo, lakini ikaruhusu ndege ziendelee pale zilipokuwa zimezoea kutua. Eneo kubwa la katikati ya Idaho liliwekwa chini ya ulinzi huo mwaka 1980. Linaitwa nyika, yaani mahali pasipo na watu. Lakini palikuwa na watu. Watukudeka, wa jamii ya Washoshone, waliwinda kondoo wa mwituni na kuvua samaki kwenye mito hiyo mpaka jeshi la Marekani lilipowafuata mwaka 1879, na mwishowe wakapelekwa kwenye hifadhi ya Fort Hall. Kwa hiyo hata huko, kabla ya nyasi kukatwa, mtu aliondolewa. Na leo, kwenye ncha ya mshipi wa rubani anayepumzika katika bonde hilo, inawezekana kabisa kuna fundo lililofungwa na mwanamke wa Nairobi.

Nimeirudia orodha yetu nikiwa na haya mkononi. Sijabadilisha kiwanja. Tutatua Mweiga, asubuhi, kabla ya mawingu. Nimeongeza nusu siku kabla ya mto, ya kwenda Othaya kumsalimia cucu na kuzunguka naye mahali kijiji kile kilipokuwa, kama miguu yake itakubali. Yeye ndege hapandi, na sikumbembeleza. Tutamlipa kijana wa pale atuonyeshe mto badala ya kutegemea ramani, kwa sababu yeye anajua vijito kwa majina ya kikwao, na hayo ndiyo majina ninayotaka kuyaandika.

Samaki tutakaowashika hatutawarudisha wote. Trauti ni mlowezi pia, analisha tumbo lake kwa wadudu na viumbe wadogo ambao walikuwa na mto huu kabla yake, na sioni haja ya kumheshimu kuliko alivyoheshimiwa mwenye mto. Kwa kadiri leseni itakavyoruhusu, tutakula. Maji ya Gura huishia Tana, ambako yanazungusha mitambo inayochaji simu yako. Tumeyatumia maisha yetu yote, si vibaya kuonja kilichomo.

Limebaki suala la uzito. Ndege tunayoitaka ina viti vinne, na kimoja ni cha rubani. Sisi ni watatu, kwa hiyo ilikuwa imejaa. Rafiki yetu wa matatu amesema kama ni hivyo yeye atapita barabarani na mizigo yote, fimbo, mabuti na hema, atukute langoni. Kiti chake nimempa shangazi. Ameomba likizo ya siku tatu bila malipo, na amesema hatuna haja ya kununua nzi. Kwenye safu ya uzito nimemwandika: kilo 68, pamoja na mkoba.